MMEACHANA, LAKINI BADO ANAISHI NDANI YA KOMPYUTA YAKO!

Kama wiki hii umeamka salama salimini, mshukuru Mungu, maana wapo wenzako walioamka wakakuta mambo yao yanasomwa na watu waliokwishaachana nao zamani. Hapana, leo siongelei waganga wala majini. Naongelea kompyuta.

Kisa chenyewe kilinifikia Jumamosi moja asubuhi, hata chai sijanywa. Mlango ukagongwa. Kufungua, nikamkuta dada mmoja rafiki yangu wa siku nyingi, jina lake naliweka kapuni, kasimama na kitu kakifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Macho mekundu. Nikadhani kuna msiba.

"Kaka, nisaidie. Huyu mwanaume yumo humu ndani," akasema huku akiutua ule mzigo mezani.

Nikafungua kanga. Laptopu!

Dada huyu anaishi Sinza na kazi yake ni kutengeneza kadi: za harusi, za send-off, za kitchen party na za kipaimara. Ankara za wateja anaandika mwenyewe, hesabu anapiga mwenyewe, na kodi ya chumba inatoka humo humo. Laptopu aliinunua Kariakoo, mtumba, kwa hela yake, hakuhongwa na mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu. Siku alipoileta nyumbani, aliyeiwasha na kuitengeneza alikuwa ni mpenzi wake wa wakati huo. Mashine ikaomba barua pepe ya mwenyewe. Dada hakuwa nayo ya aina iliyotakiwa. Jamaa akasema, "Usijisumbue bwana, tia yangu tu, tutabadilisha baadaye."

Hiyo baadaye haikufika. Mapenzi yaliisha kwanza.

Miezi mitatu baada ya kupeana vibuti, simu ya dada ikalia meseji: "Hongera bibie, naona tenda ya send-off ya Tabata umeipata. Ila bei umewashushia mno."

Dada akahisi miguu inakosa nguvu. Ile ankara aliiandika usiku uliotangulia, peke yake, mlango umefungwa, na hata mteja alikuwa hajatumiwa. Kasheshe lenyewe ni kwamba mchumba mpya wa huyo jamaa naye anatengeneza kadi. Na katika miezi hiyo mitatu, wateja wawili wa dada walikuwa wamehamia kwa huyo mwenzake bila maelezo.

Sasa msomaji, ungekuwa wewe ungelala?

SI MZIMU, NI WINGU

Mimi si mtaalamu. Elimu yangu ni ya fomu foo na kompyuta nimeijulia mtaani, kwa kuharibu na kutengeneza. Lakini hili nililijua kabla sijaiwasha mashine.

Kompyuta nyingi za mjini zinaendeshwa na Windows, ile programu mama ya kampuni ya Microsoft inayoendesha mashine nzima. Ukiifungua kwa akaunti ya Microsoft, yaani barua pepe na neno la siri, kompyuta inamhesabu mwenye barua pepe hiyo kuwa ndiye mwenye nyumba. Haijali nani alilipa Kariakoo. Pamoja na akaunti hiyo inakuja stoo ya mbali inayoitwa OneDrive, ambayo ni sehemu ya kile watu wanachokiita wingu. Mara nyingi stoo hiyo inawekwa ichukue nakala ya vitu unavyoweka kwenye ile skrini ya mwanzo, kwenye folda ya nyaraka na kwenye folda ya picha. Unaandika ankara Sinza, unaisevu, na dakika chache baadaye nakala yake iko kwenye stoo ya mwenye barua pepe. Popote alipo, akifungua simu yake anaiona.

Hakuna aliyevunja mlango hapo. Dada alikuwa anapeleka mafaili mwenyewe, kila siku, bila kujua, kwa bando lake! Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

ZAMANI KOMPYUTA HAIKUKUULIZA WEWE NI NANI

Waliotutangulia watakuambia kuwa enzi za Windows 95 uliwasha mashine ukaanza kazi. Jina uliloandika pale lilibaki humo humo ndani ya chuma.

Barua pepe nayo ilikuwa jambo jingine kabisa. Hotmail ilianzishwa Marekani mwezi Julai 1996 na vijana wawili, Sabeer Bhatia na Jack Smith, na mwishoni mwa mwaka 1997 Microsoft wakainunua. Mwaka 1999 kampuni hiyo ikaja na kitu ilichokiita Passport, jina moja na neno moja la siri la kufungulia sehemu nyingi za intaneti. Baadaye kikabadilishwa jina kuwa Windows Live ID. Mwaka 2012 kikaitwa akaunti ya Microsoft, na mwaka huo huo, mwezi Oktoba, ikatoka Windows 8. Hapo ndipo barua pepe iliyokuwa ya kusomea salamu ikaanza kuwa ufunguo wa kompyuta nzima. Windows 10 ya mwaka 2015 ikaendeleza, na Windows 11 ya mwaka 2021 ikakaza kamba zaidi. Siku hizi ukiiwasha mpya inakung'ang'ania uunganishe intaneti na uweke akaunti kabla haijakufungulia.

Simaanishi kwamba akaunti hiyo ni shetani. Ukiibiwa neno la siri inakusaidia kulirudisha, mafaili yako yanapona hata laptopu ikitumbukia baharini, na kama umewasha huduma ya kutafuta kifaa unaweza kuona kwenye ramani mashine yako iko wapi. Ni mambo mazuri yote hayo, ila akaunti iwe yako. Ikiwa ya mtu mwingine, mazuri hayo hayo anayapata yeye. Anaona mafaili yako na anaweza kuona mahali ulipo.

FUNDI ALITAKA KUMALIZA KILA KITU

Kabla ya kuja kwangu dada alikuwa amepita kwa fundi mmoja wa mtaani. Fundi akaangalia dakika mbili, akasema, "Hii tunapiga window tu, inakuwa mpya." Maana yake anafuta kila kitu na kuweka programu upya. Bahati nzuri dada akauliza, "Na kadi zangu?" Fundi akasema, "Si ziko kwenye wingu?"

Kwenye wingu la nani sasa? La yule yule anayemkimbia!

Kazi ya miaka miwili ingekwenda na maji pale pale, na nakala pekee ingebaki kwa mtu ambaye hataki hata kumsalimia. Kupiga window si kosa, lakini mtu hahamii nyumba nyingine kabla ya kutoa vitanda kwenye ile ya zamani.

DIRISHA LINA PANDE MBILI

Tukaiwasha mashine. Pale pale mbele yetu programu ya barua pepe ikafunguka yenyewe na sanduku la barua la jamaa likatokea lote. Dada akanitazama. Nami nikamtazama.

"Kaka, ngoja nione kama anamwandikia huyo mwanamke wake kuhusu bei zangu."

Msomaji, usinidanganye kwamba wewe usingetamani. Mimi mwenyewe nilitamani! Kidole kilikuwa kinawasha. Lakini nikamwambia hapana. Kilichomliza ni kusomwa bila ruhusa, sasa na sisi tukimsoma mwenzetu tutakuwa na tofauti gani naye? Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa, na haikuandikwa mahali popote kwamba mliowahi kupendana mnasamehewa.

Dada akasonya, akafunga ile programu. Ila kabla haijafungika wote wawili tulishaona mstari mwekundu juu kabisa: nafasi imejaa, hawezi kupokea wala kutuma barua. Tukaliacha hilo hapo. Baadaye utaona lilikuwa na maana gani.

Nilichomwambia dada, na wewe nakuambia, ni kwamba akaunti ya mtu ndani ya kompyuta yako ni dirisha lililo wazi pande zote mbili. Yeye anakuona na wewe unamwona. Kulifunga ni faida kwenu wote.

KATA KAMBA, LAKINI KWA MPANGILIO

Watu wengi wanadhani akaunti ni kama flashi, unachomoa basi. Wapi! Ni kamba yenye nyuzi nyingi. Ukikata uzi mmoja, mingine bado inakuvuta. Na ukianza na ule usiotakiwa kuanza, unajifungia nje. Sisi tulikwenda hivi, kwenye Windows 11. Windows 10 haipishani sana, ingawa hiyo Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025.

KWANZA, toa chako. Tulitafuta diski ya nje, tukanakili kila kitu cha dada. Angalia hapa: ndani ya folda ya OneDrive faili lenye alama ndogo ya wingu halimo ndani ya mashine yako, liko kule mbali, huku kuna jina tu. Ukikata kamba, linabaki kule. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda, chagua "Always keep on this device", subiri lishuke, ndipo unakili. Bando litalia, lakini acha lilie. Nakala zikiwa salama, tulifungua tatu nne kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinafunguka kweli.

PILI, kufuli la diski. Hili ndilo linaloliza watu wengi. Laptopu nyingi za Windows 11, mara mtu wa kwanza anapoingia na akaunti ya Microsoft, diski inajifunga kwa siri na ufunguo wake wa akiba, wenye tarakimu 48, unapelekwa kwenye akaunti hiyo. Siku za kawaida huoni kitu. Siku fundi akibadilisha bodi au akigusa mipangilio ya ndani, mashine inakuja na kioo cha bluu inaomba tarakimu 48. Nani anazo? Mpenzi wako wa zamani! Utampigia simu, utambembeleza, na kama ana kisirani ndiyo basi tena. Ingia "Settings", halafu "Privacy & security", halafu "Device encryption", uizime ukiwa umechomeka umeme. Sisi tulikunywa chai na chapati mbili mbili, bado haijamaliza. Usiikatishe. Ukija kuweka akaunti yako mwenyewe utaiwasha tena, na ufunguo utakuwa wako.

TATU, funga stoo. Kule chini kulia karibu na saa kuna kialama cha wingu la OneDrive. Ingia kwenye mipangilio yake, simamisha ile kazi ya kuchukua nakala za folda, halafu nenda sehemu ya akaunti ubonyeze "Unlink this PC". Kuanzia hapo usichokiandika bado hakitakwenda kwa mtu. Usishtuke ukikuta folda yako ya nyaraka iko tupu. Chungulia ndani ya folda iliyoitwa OneDrive, mara nyingi vitu vimelala humo, uvihamishe.

NNE, badilisha mwenye nyumba. "Settings", "Accounts", "Your info", kisha "Sign in with a local account instead". Maana yake unasema: kuanzia leo nafungua kwa jina la humu humu ndani, si kwa barua pepe. Itataka kuhakikisha ni wewe. Kwetu ile namba ya kufungulia ilitosha, hatukuhitaji neno la siri la jamaa. Andika jina lako, weka neno jipya la siri na kidokezo cha kukukumbusha, toka, ingia tena. Programu zako na mafaili yako hayafutiki. Ila neno hilo liweke kichwani au kwenye daftari nyumbani, maana ukilisahau hakuna barua pepe ya kukuokoa.

Sasa angalizo. Iko njia nyingine ya mkato inayowaponza wengi: kwenda kwenye orodha ya watumiaji na kumfuta jamaa moja kwa moja. Windows itakuuliza kama ufute akaunti na data zake. Ukikubali, folda yote ya mtumiaji huyo inafutwa, pamoja na kazi zako ulizozifanya kwa jina lake. Ukitaka njia hiyo, hakikisha kwanza una mtumiaji mwingine mwenye madaraka kamili ya kuiendesha mashine, na vitu vyako umeshavitoa.

TANO, zoa mabaki. Hapa ndipo watu wanapumzika mapema. Kwenye "Accounts" kuna sehemu ya barua pepe na akaunti zinazotumiwa na programu nyingine. Jamaa bado yumo humo, mwondoe. Fungua na duka la programu, fungua Word, angalia pale juu jina la nani limeandikwa. Fungua Edge, ile programu ya kuingilia intaneti, ambayo ina wasifu wake peke yake. Kama ilikuwa imeunganishwa na jamaa, maneno ya siri uliyokubali iyahifadhi yanaweza kuwa yamekwenda kwake nayo. Dada alikuwa amehifadhi la barua pepe yake na la Instagram ya biashara. Tukabadilisha yote siku hiyo hiyo, kwa kutumia simu, na tukaweka uthibitisho wa hatua mbili. Na ile namba fupi ya kufungulia laptopu? Ilikuwa tarehe yao ya kukutana! Ikaondoka.

Jumla ilituchukua kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Kubonyeza kwenyewe ni dakika chache. Kunakili na kusubiri ndiko kulikokula siku.

KILICHOKWISHA KWENDA JE?

Dada akafurahi, akataka kuondoka. Nikamkalisha. Tumefunga bomba, sawa, lakini maji yaliyokwisha kutoka yako kwenye ndoo ya jamaa. Zile kadi zote, zile ankara, picha zake za miaka miwili, bado ziko kule kwenye stoo. Hakuna kitufe kwenye laptopu yake cha kuzirudisha. Anayeweza kuzifuta ni mwenye akaunti.

"Sitaki hata kuisikia sauti yake," akasema.

"Basi nitapiga mimi."

Tukakutana jioni kwenye kibanda kimoja cha chipsi pale Mwenge. Jamaa akaja amenyong'onyea, si yule niliyemzoea. Akaagiza soda, hakuinywa.

"Sikiliza," akamwambia dada. "Mimi sikuwa nakuchungulia. Barua pepe yangu iligoma. Nasubiri majibu ya kazi, hayaji. Kuangalia, naambiwa nafasi imejaa. Ndiyo nikaenda kuona imejazwa na nini, nikakuta makadi ya send-off mia na kitu."

Lo! Ule mstari mwekundu ndio huo. Akaunti ya bure ya Microsoft ina nafasi ya gigabaiti 5 tu kwenye stoo, na tangu mwaka 2023 viambatanisho vya barua pepe za Outlook navyo vinahesabiwa humo humo. Nafasi ikijaa, barua haziingii wala hazitoki. Kadi za dada, zenye picha kubwa kubwa za maharusi, zilikuwa zimeziba njia ya barua za kazi za jamaa. Huyu analia anasomwa, yule analia hasomi. Wote waliponzwa na lile neno "tutabadilisha baadaye".

"Sasa ile meseji ulituma ya nini?" dada akauliza.

"Nilifungua ile ankara, nikashindwa kujizuia. Utani tu."

"Utani kwenye bei zangu?"

Jamaa kimya.

"Na huyo mwenzio ulimwonyesha?"

Akaapa hajamwonyesha. Akaapa kwa Mungu na kwa mama yake. Dada hakusema amemwamini wala hajamwamini. Wale wateja wawili hadi leo hajui waliondoka kwa sababu gani, na nadhani hatajua. Hicho ndicho kitu ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza.

Akatoa simu, akaingia kwenye stoo yake, akafuta mafolda ya dada moja moja sisi tunaangalia. Alipotaka kuirudisha simu mfukoni nikamwambia, "Bado braza." Kwa akaunti ya kawaida ya OneDrive kitu ukikifuta kinakaa kwenye pipa la takataka hadi siku 30, na mwenyewe anaweza kukirudisha. Akalimwaga na pipa. Kisha akaingia kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yake, akaitoa ile laptopu.

Halafu akamwuliza dada taratibu, "Na wewe je, umezisoma zangu?"

Dada akanitazama mimi kwanza. "Nilifungua. Nikafunga."

Jamaa akatikisa kichwa. Ndipo akainywa ile soda.

WEWE ULIYEACHA AKAUNTI YAKO KWA MTU

Labda wewe ndiye huyo jamaa. Uliingia kwenye laptopu ya mchumba, ya mshikaji au ya stesheneri, ukasahau kutoka. Usingoje kukutana kwenye chipsi. Badilisha neno la siri, ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti yako, uchague kutolewa kila mahali. Microsoft wanasema inaweza kuchukua hadi saa 24 kufanya kazi. Halafu kagua orodha ya vifaa, usichokitambua kitoe.

Na wewe unayekwenda Kariakoo mwisho wa mwezi kununua mtumba, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe, ingia "Accounts" uone jina la nani limo. Kama ni la mtu mwingine, basi ifutwe yote kwa "Reset this PC" na ile njia ya kuondoa kila kitu, mbele ya macho yako. Hapo huna cha kupoteza, wewe bado hujaweka chako. Ikimaliza ikakuletea jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake, achana nayo. Hiyo ilikuwa ya ofisi na bado iko kwenye daftari la ofisi. Kuipiga window mara kumi hakutasaidia.

Na ukishainunua, iwashe mwenyewe. Tengeneza akaunti yako, ni bure. Ukisaidiwa na mpenzi, fundi au binamu, mwachie abonyeze, lakini barua pepe iwe yako na neno la siri liandikwe na kidole chako. Kupendana ni kupendana, na ufunguo ni ufunguo.

HERUFI TANO

Wiki iliyofuata dada akanipigia simu. "Kaka, bado yumo!"

Nikaenda mbio. Akanionyesha: ndani ya diski, kwenye folda ya watumiaji, kuna folda kuu ya mambo yake yote, na jina lake ni herufi tano za mwanzo za barua pepe ya jamaa. Nikacheka. Windows ndivyo inavyofanya: ukiianzisha kwa akaunti ya Microsoft, folda yako inapewa herufi tano za mwanzo za barua pepe, na jina hilo halibadiliki hata ukihamia kwenye jina la humu ndani. Haipeleki kitu kwa mtu. Ni kibao tu kilichobaki mlangoni. Ukilibadilisha kwa nguvu programu zinaweza kupotea njia. Ukikerwa nalo sana, fungua mtumiaji mpya, hamishia vitu vyako huko.

Nikamwuliza tufanye hivyo? Akafikiri kidogo, huku anachapa kadi ya watu wa Tabata.

"Acha likae," akasema. "Hata kovu la chanjo ninalo begani, na sindano siioni tena."

Haya msomaji, kabla hujalala leo fungua "Accounts" uone nani anaishi humo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.